Kupe kwenye mbwa: maswali tunayoulizwa kila siku hapa Mwanza

Nauza dawa za mifugo Buhongwa, na nyumbani nafuga mbwa wawili. Wateja wangu wengi ni wa ng'ombe na kuku, lakini haipiti Jumamosi bila mtu kuja na kupe ndani ya kiberiti, anakifungua taratibu pale kaunta kama anauza almasi ya Mwadui. Baada ya kiberiti huja maswali, na maswali yenyewe ni yale yale. Nimeyaandika hapa. Yaliyo mazito nimeyajibu kwa urefu, mengine nimeyapitia tu.

Kupe hukaa sehemu gani hasa kwenye mwili wa mbwa?

Anza na masikio. Kama hujafungua masikio, mbwa hujamkagua. Shika sikio uligeuze kama unavyogeuza mfuko wa suruali, uangalie ile sehemu ya ndani isiyo na manyoya. Kisha fuata ukingo wa nje wa sikio ushuke nao kuelekea shingoni. Utakuta kijimfuko cha ngozi, mkunjo mdogo ambao watu wamefuga mbwa miaka kumi bila kujua kama upo. Ufungue kwa kidole gumba. Mara nyingi humo ndimo alimo jike mmoja aliyevimba, na pembeni yake madume wawili watatu, wembamba, wamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Ukitoka sikioni, pita nyuma ya sikio, chini ya taya, halafu shingoni. Vua mkanda. Nasema vua, usiusogeze tu. Kuna mikanda ambayo haijavuliwa tangu siku ilipofungwa, na chini yake kupe wamekaa kwa raha zao, kivulini, hakuna kucha wala jino linalowafikia.

Kisha miguu. Hapa ndipo wengi huruka. Inua mguu mmoja mmoja, tenganisha vidole kimoja kimoja, uangalie juu na chini, mpaka katikati ya zile nyama za unyayo. Mbwa akichechemea na huoni kidonda wala mwiba, angalia hapo kabla hujamwita daktari. Baada ya hapo nenda kwapani, kinenani, kuzunguka sehemu za siri, chini ya mkia na kandokando ya njia ya haja kubwa. Malizia usoni: kope, pembe za mdomo, chini ya mdomo wa chini.

Na tumia vidole zaidi ya macho. Pitisha ncha za vidole kinyume na manyoya yanavyolala, polepole, kama unayechambua mchele. Macho yatakuonyesha yule aliyeshiba. Yule mdogo, bapa, aliyejishika jana, vidole ndivyo vitakavyomkuta.

Kwa nini hapo, na si mgongoni?

Kupe akipanda juu ya mbwa hang'ati papo hapo. Hutembea kwanza, anatafuta mahali. Anachotaka ni ngozi laini yenye damu ya karibu, joto, unyevunyevu kidogo, na usalama. Mbwa naye ana silaha zake: ulimi, meno na kucha za nyuma. Ukichora ramani ya sehemu ambazo mbwa hawezi kuzifikia vizuri, umechora ramani ya kupe.

Lakini mgongoni usipaache kabisa. Kupe wachanga, wale wadogo kama ufuta, hupatikana pia mgongoni na shingoni penye manyoya marefu. Mbwa wenye manyoya mengi kama German Shepherd wanaweza kubeba mamia ya hao na mwenye mbwa asijue.

Nimekuta wakubwa wa kijivu na wadogo wa kahawia. Ni aina mbili?

Kwa kawaida ni aina moja. Hawa tunaowaona sana kwenye mbwa wa mjini ni kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus. Akiwa na njaa ana urefu wa kama milimita tatu, bapa, rangi ya kahawia. Jike akinyonya siku kadhaa hujaa mpaka anazidi sentimita moja na kugeuka kijivu, kama punje ya maharage iliyolowekwa. Dume havimbi hivyo. Hubaki mdogo, kazi yake kuzunguka kwa majike. Kwa hiyo ukimtoa yule mnene, usiondoke: angalia chini yake na pembeni.

Wale wadogo kabisa ni wachanga. Wakitoka kwenye yai wana miguu sita, wakijivua ngozi wanapata minane. Hata hao wananyonya damu.

Kuna kupe tumboni nimemvuta hatoki, na mbwa analia. Nifanyeje?

Mwache! Hiyo ni chuchu.

Sicheki. Alishakuja baba mmoja amemleta dume lake lina damu tumboni. Mwanawe alikuwa "anamtoa kupe" tangu asubuhi. Mbwa dume ana chuchu kama jike, mara nyingi nane au kumi, mistari miwili kutoka kifuani mpaka kinenani. Zikiwa ndogo na nyeusi zinafanana kabisa na kupe. Tofauti ni hizi: chuchu ina mwenzake upande wa pili, na haina miguu. Kupe ukimsukuma kwa upande na ukimulika na tochi ya simu, utaona miguu karibu na ngozi. Hata chunjua haina miguu. Kama huoni miguu, usivute.

Namtoaje bila kuacha kichwa ndani?

Chukua kibano chenye ncha nyembamba. Hata kile cha kutolea nyusi kinafaa, ila kisirudi tena kwenye nyusi. Tenga manyoya. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale mdomo unapoingia, usimshike tumbo. Ukimbana tumbo unasukumia uchafu wake ndani ya mbwa. Kisha vuta moja kwa moja kwenda juu, kwa nguvu ile ile, bila kushtua wala kuzungusha. Atagoma kidogo, kwa sababu akishajishika hutoa ute unaoganda kama saruji kuzunguka mdomo wake. Endelea tu kuvuta, ataachia.

Kilichobaki wakati mwingine ni kipande cha mdomo, watu wanakiita kichwa. Usianze kuchimba kwa sindano. Osha kwa maji na sabuni, paka dawa ya kidonda, mwili wenyewe utakisukuma nje. Panaweza kuvimba kama kipele siku chache. Pakitoa usaha au uvimbe ukizidi, peleka kwa daktari wa mifugo.

Kiberiti, sigara, mafuta ya taa, petroli: hapana kwa vyote. Ukimchoma au kumkaba kupe akiwa bado amejishika anaweza kutapika ndani ya kidonda, na unaweza kumuunguza mbwa vilevile.

Na baada ya kumtoa? Hapa nina ugomvi na nusu ya mtaa wangu. Wanamtupa nje ya geti. Jike aliyeshiba ndiye anayekwenda kutaga, na hutaga mayai elfu kadhaa kwa mkupuo mmoja kisha anakufa. Kumtupa nje ni kumpa likizo ya uzazi. Mtumbukize kwenye kichupa chenye spiriti. Usimpasue kwa kucha pia, ile damu inaweza kuwa na vijidudu.

Niliwatoa wote, nikamwogesha kwa dawa, baada ya wiki tatu wamejaa tena. Dawa ni feki?

Inawezekana ni feki, siwezi kukataa. Lakini mara nyingi dawa haina kosa. Kosa ni kwamba umetibu mbwa ukaacha nyumba.

Kupe huyu wa kahawia hunyonya mara tatu maishani: akiwa mchanga wa miguu sita, akiwa kijana, na akiwa mkubwa. Kila akishiba anajiachia, anaanguka, anajificha ajivue ngozi, kisha anarudi kumtafuta mbwa. Siku anazokaa juu ya mbwa ni chache. Maisha yake mengine yote yako kwenye banda lako, chini ya zulia, nyuma ya fremu ya mlango. Na ana tabia ya kupanda juu. Usimtafute sakafuni peke yake, angalia nyufa za ukuta mpaka darini. Akiwa mkubwa na mwenye njaa anaweza kusubiri miezi mingi, hata kupita mwaka, bila kula. Kwa hiyo ile nyumba uliyohamia ambayo "haikuwa na mbwa siku nyingi" inaweza kukupokea nao.

Mwanza tuna shida yetu ya ziada, mawe. Wanaoishi milimani, Mabatini, Igogo, Bugando kule juu, wanaegemeza banda kwenye jiwe kubwa kwa kuwa ni ukuta wa bure. Ni ukuta wa bure wenye nyufa elfu moja. Mwaka juzi nilisaidia kuhamisha banda la jirani. Tulipovuta ubao wa nyuma, kwenye ufa uliokuwa kati ya ubao na jiwe palikuwa na kupe wamepangana kuanzia usawa wa goti mpaka juu ya kichwa changu. Mbwa wenyewe alikuwa na saba tu.

Basi fanya hivi. Gunia na matambara anayolalia mbwa, choma moto. Banda lisogeze mbali na jiwe na ukuta, hatua mbili zinatosha, ulinyanyue juu ya matofali. Nyufa za ukuta ziba kwa saruji. Pulizia dawa ya kuua kupe iliyoandikwa kuwa ni ya mabanda, kuta zote mpaka juu, mbwa na watoto wakiwa mbali, mpaka pakauke. Rudia baada ya wiki mbili tatu, kwa sababu mayai hayafi kirahisi na lazima yatatoa kundi jingine. Wakati huohuo mbwa awe na dawa mwilini. Ukifanya kimoja ukaacha kingine, tutaonana tena Jumamosi.

Naweza kutumia dawa ya kuogeshea ng'ombe?

Swali hili ndilo linanipa kazi, kwa sababu dawa ya ng'ombe ninauza na ni rahisi kuliko ya mbwa.

Soma kwanza kibandiko. Dawa za kuogesha zina viambato tofauti. Amitrazi hutumika kwa ng'ombe na pia kwa mbwa, lakini kipimo si kimoja, na haifai kwa watoto wa mbwa, mbwa wenye kisukari wala mbwa wadogo aina ya Chihuahua. Mbwa aliyezidishiwa analegea, anasinzia, moyo unapungua kasi. Dawa za jamii ya pairethroidi, zile sipamethrini na deltamethrini za josho, zina habari nyingine: ni sumu kali kwa paka.

Hili nililijifunza kwangu mwenyewe, kabla sijaanza kazi hii. Nilikuwa na dawa ya ng'ombe iliyobaki kwa shemeji yangu, nikaipima kwa kifuniko cha soda, nikamwogesha mbwa. Kupe walikufa kweli. Jioni paka wetu akaenda kulala ubavuni mwa mbwa kama kawaida yake. Usiku wa manane nikamsikia anagonga gonga kwenye sufuria, nikadhani anatafuta dagaa. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Asubuhi hatukuwa naye.

Kwa hiyo kifuniko cha soda si kipimo. Mpime mbwa uzito, mueleze muuzaji au daktari, na kama una paka sema kabla hujalipa. Siku hizi kuna dawa za matone za kuweka mgongoni na vidonge vya kutafuna ambavyo vingine hufanya kazi mwezi, vingine karibu miezi mitatu. Ni ghali, sifichi. Vidonge hivyo usimpe mbwa mwenye kifafa bila kumuuliza daktari. Sindano ya aivamektini wanayopita nayo mitaani si tegemeo kwa kupe, na kuna mbwa, hasa wa ukoo wa Collie, inaweza kuwaua.

Si bora nikamwogeshee ziwani, maji yapo mengi?

Maji hayamzamishi kupe. Amejigandisha, na anaweza kukaa chini ya maji muda mrefu kuliko mbwa wako.

Ukienda na dawa ndiyo mbaya zaidi. Zile za jamii ya pairethroidi, hata kidogo tu, zinaua samaki. Unamwaga povu lako pale ufukweni, jirani yako anashusha nyavu hatua mia moja mbele akitafuta sato. Vilevile wewe uliyesimama ndani ya maji mpaka magotini unajitafutia kichocho, ambacho kando ya ziwa hili si hadithi. Mwogeshe nyumbani kwenye majani, na maji yaliyobaki usiyamwage mferejini. Huku kwetu mferejini ni ziwani, ni suala la mteremko tu.

Oili chafu je? Ugoro? Mwarobaini?

Oili chafu ya gari inamuunguza ngozi na akijilamba inamuingia tumboni. Acha. Ugoro ni tumbaku, na tumbaku ni sumu kwa mbwa. Mwarobaini ukiukamua na kupaka hauna madhara makubwa kama hivyo viwili, lakini usiutegemee kwa mbwa aliyejaa kupe.

Nitajuaje kama kupe wamemwambukiza ugonjwa?

Inua mdomo wa juu uangalie ufizi. Wa mbwa mzima ni wa waridi; ukiubonyeza kwa kidole unageuka mweupe, ukiachia rangi inarudi upesi, chini ya sekunde mbili. Wengine wana ufizi mweusi kwa asili. Kwa hao vuta kope la chini uangalie ndani.

Ugonjwa tunaouogopa zaidi ni babesia. Vijidudu vyake huingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mbwa anapata homa, hataki kula, anahema, ufizi unakuwa mweupe kama karatasi au wa manjano, na mkojo unatoka rangi ya chai ya rangi au kahawa. Ukiona mkojo huo usisubiri kesho. Wa pili ni erlikia. Huu ni mjanja: mbwa anaumwa kidogo, anapata nafuu, wiki au miezi baadaye anakonda, anatoka damu puani, ana madoadoa ya damu tumboni. Magonjwa yote mawili yana dawa, ila dawa zenyewe ni tofauti, ndiyo maana nakataa kuuza sindano kwa mtu aliyekuja na maelezo tu bila mbwa. Daktari atachukua damu. Na hapa Mwanza kuna maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, hatuhitaji kubahatisha.

Watu huniuliza kama kumtoa kupe mapema kunasaidia. Kunasaidia. Babesia kwa kawaida huhitaji kupe awe amenyonya siku moja mbili. Erlikia haina subira hiyo, saa chache zinatosha. Kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa wiki ni bora kuliko hakuna, lakini wa kila jioni ndio unaokamata.

Watoto wa mbwa wana hatari ya peke yake: damu yao ni kidogo, kupe wengi wanaweza kuwamaliza hata bila ugonjwa wowote. Na dawa nyingi haziruhusiwi kwao. Kibano na subira.

Wanaweza kuwang'ata watu?

Wanaweza, ingawa huyu wa kahawia anampenda mbwa kuliko sisi. Akimng'ata mtu anaweza kumwachia homa ya kupe: kichwa, mwili kuuma, vipele, pengine kidonda kidogo cheusi pale aliponyonya. Kwetu kila homa inaitwa malaria. Ukipima malaria haipo na nyumbani mna mbwa mwenye kupe, mwambie daktari hilo.

Usimchanganye na papasi. Papasi ni ndugu yake, ana ngozi laini, hukaa kwenye sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku kunyonya kwa muda mfupi na kurudi shimoni, na homa yake ni nyingine. Kichaa cha mbwa hakiletwi na kupe. Hicho ni mate ya mnyama anayeumwa, na chanjo yake ni ya lazima hata kama mbwa hana kupe hata mmoja.

Ng'ombe wanapita mbele ya geti langu. Ndio wanaoleta?

Kidogo. Kupe wa masikioni mwa ng'ombe, yule anayeeneza ndigana kali, anamtaka ng'ombe. Mbwa anayefuata mifugo porini, au anayewinda pimbi kwenye mawe, huokota kupe wa majani wa aina mbalimbali, zaidi nyakati za mvua za vuli na masika. Lakini mbwa asiyetoka nje ya geti na bado amejaa kupe mwezi wa saba, wakati vumbi limetanda, hao ni wa nyumbani kwako.

Mbwa anatingisha kichwa na sikio linanuka. Nimwagie nini?

Usimwagie kitu. Kunuka ni dalili ya maambukizi ndani ya sikio, kupe hawanuki. Na kama kupe yupo ndani kabisa, usawa ambao kibano chako hakionekani, mwachie daktari.

Nimeona kuku anamdonoa mbwa masikioni. Nimfukuze?

Mwache ale. Kuku wanakula kupe kweli. Jogoo wangu mchana mbwa akilala chini ya mwembe anamzunguka, anapiga moja, anasubiri, anapiga nyingine, na mbwa wala hafumbui jicho. Akidonoa jicho au kidonda ndipo umfukuze. Siku ya kupulizia dawa bandani wafungie kuku kwanza, usiwafungulie mpaka umefagia kupe wote waliokufa, maana kuku hajui huyu ameuawa na nini.